Kijani Mpaka Mtihani Uishe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mara nne kabla ya chai. Nne! Na ya nne imenipata mlangoni, nikirudi kutoka ya tatu.

Sista Zipporah wa kliniki alinipa daftari hili niandike ninachokula na kinavyonitenda tumboni. Haya. Jana nilikula wali wa nazi, mchicha, kipande cha samaki, na achari ya embe kidogo. Kijiko. Vijiko vitatu. Basi, bakuli. Nimeshaandika ukweli, kwa hiyo daftari hili Sista hatalisoma. Nitamwandikia jingine lenye uji.

Huu ugonjwa ulijulikana mwaka jana. Walinitia mpira wenye kamera pale pasipotajwa, mimi Kadzo, mama wa watoto wanne, wakaniambia utumbo mkubwa umevimba na una vidonda. Si amiba. Si chango, kama mama mkwe alivyoapa mbele ya watu. Hauambukizi, hauishi, unatulizwa tu. Nikapewa vidonge, na kwenye simu nikatiliwa programu ya kliniki. Ndani yake yumo mwanamke mwenye sauti ya redioni. Mimi namwita Bibi wa Simu. Kila saa moja asubuhi ananiuliza hali, na mimi nabonyeza uso. Wa kijani unacheka, wa manjano umenuna, mwekundu unalia. Uso huo unakwenda kwa Sista mjini Malindi, na unakwenda kwa Nelly, Nakuru.

Nelly ni kitinda mimba wangu. Anasomea kazi ya maabara. Mwezi wa nne nilibonyeza mwekundu mara moja, mara moja tu! Akaacha mtihani katikati, akapanda basi, akanikuta nimekaa nje ninakunywa uji. Chuo kikamfutia mtihani wote. Sasa anaurudia. Umeanza leo, unakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Akikosa karatasi hata moja safari hii, jina lake linaondolewa, arudi kwetu Ganda kulima.

Shauri nimekata. Kijani mpaka Ijumaa tarehe kumi na nne.

Tumbo langu nalijua, ni ile achari. Vidonge havina neno hapa. Vidonge niliacha wiki tatu zilizopita, maana uso ulikuwa unacheka kila siku, na mtu anayecheka hanyweshwi dawa. Nimeviweka kwenye kopo. Ni akiba ya Krismasi, wageni wakija niwe mzima.

Jioni: mara tisa kwa jumla.

Jumanne, 4 Novemba

Saa moja kamili, Bibi wa Simu akalia. Hujambo, mama? U hali gani leo?

Nikajibu sijambo. Ningejibu nini? Mtu anakuuliza hujambo, wewe unamrukia na habari za choo? Marehemu mama yangu alikuwa anakata roho, jirani akaingia akamuuliza hujambo, akajibu sijambo. Kisha ndipo akasema ila naona nakufa. Ndivyo tulivyolelewa. Salamu kwanza. Shida hufuata, mgeni akishakaa.

Nikabonyeza kijani, nikangoja aulize habari za mwili. Hakuuliza! Akasema vizuri sana mama, endelea hivyo hivyo, akanyamaza. Loo! Hata kiti hakuvuta. Nimembonyeza tena nimweleze, akaniambia nimeshajibu, asante, tukutane kesho.

Nimekaa nikifikiri. Huu ni mkono wa Mungu. Sikusema uongo. Nimesalimiwa, nimejibu.

Menza, mume wangu, ameniuliza mbona leo nashinda shambani na sirudi na mboga. Choo chetu kiko nyuma ya mihogo. Nimemweleza. Amesema basi mwambie Sista, mama Nelly, ndiyo kazi yake. Nikamuuliza anakumbuka mwezi wa nne? Akameza vidonge vyake vya mgongo vya dukani, akalala chali kwenye mkeka, akasema kunywa maji.

Nimefungua kopo la Krismasi. Nimemeza kimoja. Si kwamba ndiyo sababu. Ni tahadhari.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesalitiwa na miguu yangu mwenyewe!

Bibi wa Simu anahesabu hatua. Sikujua. Nilidhani ni mtu wa nyuso tu. Na mimi simu naitia kwenye kanga kila niendapo, Nelly asije akapiga nikakosa. Kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu leo. Kwenda na kurudi, mara tisa, kabla jua halijapanda.

Saa tatu ujumbe wa Nelly ukaingia. Shikamoo mama. Umetembea hatua elfu mbili asubuhi hii, unatoka wapi? Nikaandika marahaba mwanangu, napalilia. Akauliza napalilia nini tangu alfajiri. Nikaandika mihogo. Akauliza mihogo imefanya nini. Mtoto wa maabara! Nimeandika kuwa majani ni mengi mwaka huu na nikamtakia mtihani mwema.

Kuluthumu amekuja jioni. Ni jirani yangu, kwao Pate, aliletwa Ganda na mume na akabaki na ulimi wake. Ana sukari, na simu yake humpa nyota kila apimapo vizuri. Nyota hizo huzitembeza kama mwali. Leo ana ishirini na sita. Ameniuliza mimi ninazo ngapi. Nimemwambia ugonjwa wangu hautoi nyota, unatoa nyuso. Akasema masikini, na akanitazama kwa huruma mpaka chai ikapoa.

Mara kumi na moja. Nimekula viazi vya kuchemsha na chumvi. Achari nimeificha juu ya kabati. Najua ilipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Hila mpya: simu nimeiacha dirishani. Miguu iende, simu ibaki. Kijani nimebonyeza, nimesalimiana na Bibi vizuri, nikashinda chooni kwa amani.

Saa saba Nelly kapiga. Wakati wa mapumziko yao ya chakula! Sauti juu. Mama, hatua kumi na nne tu tangu asubuhi, umeanguka? Umelala? Baba yuko wapi? Nikasema nimekaa nachambua kunde. Akauliza tangu alfajiri mpaka sasa? Nikasema ni nyingi. Akasema mama, kengele imelia, naingia, usinidanganye.

Ameingia kwenye mtihani na neno hilo mdomoni. Nimekaa kizingitini nikalia kidogo. Nikimtia hofu anaanguka, nikimwambia kweli anakuja. Mtoto anakuwa mbali, na kila ukimgusa unamwumiza.

Nikapangusa macho. Nilichokosa ni miguu mizima. Na miguu mizima anayo Kuluthumu, ambaye kila siku hutembea kwa ajili ya sukari yake.

Nimemwendea nikamwambia simu yangu inahitaji kutembezwa. Amesema shoga, miye si wa jana. Nikamweleza nusu. Nusu nyingine aliijua, maana kutoka ukumbini kwake anaona njia ya choo changu, na amekuwa akihesabu. Amekubali. Simu yake mkono wa kulia, yangu wa kushoto. Ila ametoa sharti. Wallahi hasemi uongo. Akiulizwa atajibu. Asipoulizwa, ataenda zake.

Ijumaa, 7 Novemba

Hatua elfu kumi na moja na mia nne!

Nilimwambia atembee. Sikumwambia aende arusini. Baada ya sala ya Ijumaa, Kuluthumu kapanda tuktuk ya yule kijana Kiponda mpaka Watamu kwenye arusi ya Lubna, mtoto wa dada yake, na simu yangu kifuani. Amecheza mpaka alasiri. Nelly kapiga mara tano haikupokelewa, kwa sababu ya ile ahadi yake ya kutosema uongo. Simu iliporudi nikampigia Nelly haraka, nikamwambia nilikuwa nacheza ngoma. Akasema wewe, mama? Na goti lile? Nikasema goti limefunguka.

Akacheka. Alicheka sana, akawaambia wenzake chumbani mama yangu amepona, anacheza arusini. Nilisikia wakipiga makofi. Ningeweza kuishi mwaka mzima kwa makofi hayo.

Bibi wa Simu naye kaniletea ua jekundu: hongera mama, umevuka lengo. Kuluthumu ameliona. Amesema ua ni lake. Nimesema simu ni yangu. Amesema miguu? Tumebishana mpaka Menza akaamka. Kuluthumu ameondoka akisema wako watu wanavaa ushindi wa wenzao kama kanga ya kuazima, na kanga ya kuazima haisitiri.

Sasa neno ambalo sikutaka kuliandika. Leo kuna damu. Si ya kusema labda ni kiazi sukari. Damu. Nimeshika ukuta wa choo kwa mikono miwili nikasema Mungu wangu, siku saba tu. Baada ya siku saba fanya upendalo.

Vidonge nameza tangu Jumanne. Vinachelewa kama watu walioudhika.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa. Ujumbe wa kliniki: mama Kadzo, ni wakati wa kipimo chako cha nyumbani, tafadhali kifanye kabla ya kesho jioni.

Kipimo hiki kiko hivi. Unapewa kichupa, kijiti na kibao kidogo. Unachovya kijiti kwenye choo chako, unakoroga ndani ya kichupa, unadondosha matone matatu kwenye kibao. Mstari ukitokea unaupiga picha. Simu inausoma na kusema utumbo umewaka kiasi gani. Jibu linakwenda kwa Sista na kwa Nelly papo hapo.

Uso naweza kuubonyeza. Choo hakibonyezeki.

Nimewaza asubuhi nzima, hasa nikiwa huko huko. Jibu ni moja. Choo cha mtu mwingine.

Nimempelekea Kuluthumu kahawa na kashata, nikamwomba radhi kwa habari ya ua, nikazunguka, nikazunguka, nikamwomba. Amenitazama kama nimemwomba mume. Amesema ameishi na majirani miaka hamsini. Ameazimwa chumvi, moto, mbuzi ya kukunia nazi, hata jeneza la msikiti amesaidia kubeba. Hilo nililoliomba hajapata kulisikia, Pate wala Malindi. Kisha akala kashata zote. Kisha akasema hata angependa, chake kina sukari na kingenifichua.

Nikamwendea Menza. Amekataa. Yeye ndiye mwenye mji huu, ana wakwe, ana heshima zake, na choo chake hakiendi kwenye mtandao. Nimemwambia Nelly ana karatasi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Karatasi tatu tu, baba Nelly. Akatazama dari muda mrefu. Akauliza jina litakaloandikwa ni lake au langu. Langu. Basi chukua, akasema, na hili tusilizungumze hata mbinguni.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika kwenye benchi la kliniki, tunangoja kuitwa.

Menza alikwenda nyuma ya mihogo saa kumi na mbili, akakaa saa nzima kwa haya. Akarudi na kile kitu kimefungwa kwa jani la mgomba, amekibeba kwa mikono miwili kama mahari. Nikafuata maagizo yote. Kijiti, kichupa, matone matatu, dakika kumi. Nikapiga picha. Simu ikasema picha haionekani, sogea kwenye mwanga. Nikatoka uani. Sogea kidogo. Nikapiga magoti. Watu wakapita njiani wakienda kanisani na nguo zao nyeupe, shikamoo mama Nelly, nami nimeinama na simu juu ya choo cha mume wangu, nikisema marahaba, marahaba, niombeeni.

Jibu likaja. JUU SANA. Jekundu. Wasiliana na kliniki leo.

Cha Menza! Mtu anayekula muhogo na pilipili na kulala kama gogo! Nikamsomea. Alikuwa amesimama, akaketi. Alikuwa ameketi, akalala. Baada ya dakika tano alikuwa mgonjwa kabisa, anaomba maji, anataka nduguye aitwe, anasema shamba la Ganda ligawanywe sawa.

Simu ikalia. Nelly. Hakusalimu, mtoto ambaye hajawahi kuniacha bila shikamoo. Amesema anafunga begi, mama, usiniambie kitu, najua kusoma kipimo, basi la jioni linanitosha.

Nikaona karatasi ya kesho inapaa hewani. Nikasema Nelly, si changu.

Akauliza ni cha nani.

Nikasema ni cha baba yako.

Ukelele ukatoka, baba! Baba ana nini? Na hapo nikafahamu nilichofanya. Asubuhi nilikuwa na mgonjwa mmoja wa kumficha. Sasa ninao wawili, na mtoto analia kwa ajili ya wote.

Sijakata simu vizuri, Sista Zipporah akapiga. Siku ya Jumapili, nasikia watoto wake wanacheza nyuma. Nikajaribu kumsalimu kirefu. Akasema mama Kadzo, acha salamu. Nikamwambia yote. Achari, kopo la Krismasi, miguu ya Kuluthumu, choo cha Menza. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliuliza leo umekwenda mara ngapi. Kumi na mbili. Damu? Ndiyo. Tangu lini? Ijumaa. Unasikia kizunguzungu ukisimama? Nikasema nisiposimama sisikii.

Akasema nipande tuktuk sasa hivi, na mzee nije naye.

Nikasema sitoki.

Nimesema hivyo, mimi niliyemwogopa Sista mwaka mzima. Nimesema Sista, nitakufa hapa hapa kizingitini kama mtoto huyu anakosa mtihani mara ya pili kwa sababu ya tumbo langu. Mtulize kwanza Nelly. Kisha nitapanda hata punda.

Kiponda alikuwa ameshafika na Menza ameshapakiwa, anagumia, ujumbe wa Nelly ulipoingia. Sawa mama. Karatasi ya kesho nitafanya. Lakini kila jioni ataniandikia Sista. Si wewe.

Si wewe! Limenichoma kuliko tumbo. Nimepanda.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika kitandani. Jana mkono wa kuandikia ulikuwa na sindano ya maji, leo wamehamishia wa pili.

Menza amepimwa wote, mbele na nyuma, anavyosema yeye. Daktari akamuuliza anatumia dawa gani. Akasema hatumii dawa, yeye ni mzima. Nikasema vya mgongo je? Akasema vile si dawa, ni vya dukani. Vitatu kwa siku, tangu masika! Kumbe vidonge vya maumivu vikizidi hukwaruza tumbo na utumbo kwa ndani, na kipimo hupanda. Ameambiwa aache, atapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Alipona pale pale. Akauliza chapati zinauzwa wapi.

Mimi ndiye niliyebaki. Sista amevuta kiti. Ameniambia uso ulikuwa unacheka kwa sababu ya vidonge, na nilipoviacha moto ukawaka upya polepole, ndiyo maana sasa natiwa dawa kali ya mshipani. Ningekawia mpaka Ijumaa, amesema, pengine wangenikata utumbo. Amesema pengine na macho yake hayakusema pengine. Nimeitikia kwa kichwa. Nimeelewa. Lakini ile achari nayo haikuwa na afya.

Kisha akauliza kitu kimoja, kwa upole. Kwa nini, mama Kadzo, damu inatoka na unabonyeza kijani?

Nikasema, Sista, nilisalimiwa.

Akacheka. Akaacha kucheka. Akafungua simu yake, akaniuliza kwa hiyo mtu akikuuliza hujambo? Sijambo. Hata kama huwezi, unaumwa? Siwezi huja baadaye, Sista, mtu akishakaa. Akatazama orodha yake muda mrefu. Wanawake kumi na wanane wa pwani tumo kwenye programu hii, na wote kijani, kila siku, toka ianze, ukitoa ule mwekundu wangu mmoja wa mwezi wa nne. Wanaume wanalia mwekundu hata kwa gesi. Mama mmoja wa Junju alikuwa kijani siku thelathini na tano, kisha akaletwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Ofisini walifurahi, wakasema dawa inafanya kazi vizuri kwa wanawake.

Ameinuka akaenda kupiga simu kwa waliotengeneza programu. Nimemsikia kutoka kwenye korido. Aliwaambia wamfundishe yule mwanamke wao kusalimu kama mtu. Asalimu, ajibiwe, kisha ndipo aulize mwili.

Jioni nimemuuliza amemwandikia nini Nelly. Amesema ukweli. Nimemuuliza ukweli wote? Wote. Sikulala vizuri. Ukweli wote, katika kichwa cha mtoto mwenye karatasi kesho!

Alhamisi, 13 Novemba

Nimerudi nyumbani. Mara tano jana, na damu imekuwa alama tu. Dawa zangu zimepangwa kwa siku, na Sista amebandika karatasi mgongoni mwa simu: baada ya salamu, andika mara ngapi, damu, maumivu. Amesema huko ndani wanatengeneza, kwa sasa tutumie gundi.

Kuluthumu amekuja na uji wa mchele laini. Amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akalia, akasema shoga angekufa mtu hapa mimi nikiwa nacheza arusini. Nikalia nami. Akapangusa macho, akauliza kama kliniki inaweza kulihamisha lile ua.

Ganda nzima inajua choo cha Menza kilisomwa Malindi. Sijui nani kasema. Kuluthumu anasema hakumsimulia mtu, ila watu walimuuliza, na yeye akiulizwa hujibu. Menza hatoki nje. Mgongo unamwuma, vidonge amekatazwa, na amenong'ona kuniuliza kama kwenye simu yangu hakuna uso wake yeye.

Kesho karatasi ya mwisho. Nimefunga kwa maombi, isipokuwa uji na dawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Amemaliza! Saa sita na nusu Nelly wangu ametoka kwenye karatasi ya mwisho akanipigia mimi wa kwanza. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Menza ametoka nje, mara ya kwanza tangu Jumanne, akajifanya anatazama mvua.

Nimemuuliza mwanangu, hujambo? Akasema sijambo mama, mzima kabisa. Sauti ilikuwa imekwaruza kidogo. Nikauliza hiyo sauti? Akasema vumbi la Nakuru. Sawa. Vumbi lipo kila mahali.

Kisha akampa simu mwenzake wa chumbani, Nyakio, anisalimu. Binti mwenye adabu, wa huko bara, Kiswahili chake kinatembea kwa mkongojo lakini kinafika. Nikamshukuru kwa kukaa na mwanangu. Akasema asante mama, sisi tumefurahi Nelly amepona.

Amepona nini?

Nikamuuliza mara mbili, ya pili kwa sauti ya mama. Akasema yote. Homa ya mapafu! Tangu Jumamosi! Karatasi ya Jumatatu Nelly kaifanya amejifunika blanketi. Usiku wa Jumatatu na Jumanne kalazwa zahanati ya chuo, katiwa maji. Karatasi ya Jumatano kaifanya na plasta ya sindano mkononi. Na ile Jumapili aliyosema anafunga begi aje, hakuweza kufika hata mlangoni, Nyakio ndiye aliyemrudisha kitandani. Na amewaapisha chumba kizima. Mama asiambiwe. Mama ataacha dawa zake apande basi.

Siwezi kueleza hasira niliyonayo. Sijawahi! Mtoto yuko kitandani na homa, ananiandikia sawa mama! Tabia hii ameitoa wapi? Nani amemfundisha kumwambia mamake mzima kabisa na kifua kinawaka? Sisi nyumbani kwetu hatufichani. Nimemwambia Menza mtoto amechukua upande wa kwao. Menza amenitazama tu, akaingia ndani.

Sista Zipporah nimempigia hapo hapo. Nataka Nelly atiwe programu. Nyuso, hatua, vipimo, kila kitu, na vije kwenye simu yangu asubuhi na jioni. Nataka niuone wekundu wake kabla yeye hajauona. Sista amekaa kimya sana upande wa pili. Nafikiri mtandao.

Jioni Nelly kapiga tena kuomba radhi. Nimemsema saa nzima. Nimemwambia katika dunia hii hakuna dhambi kama kumdanganya mtu anayekupenda habari za mwili wako. Amesema ndiyo mama, nimekosa mama. Kisha akakohoa, akauliza na wewe leo, mama, umekwenda mara ngapi?

Nne.

Nimemwambia mbili. Mtoto ana kifua, atababaika bure.